Lindo la Mnazi wa Bi Mwanasha

Mimi nimewahi kulinda mnazi. Si shamba la minazi, la, mnazi mmoja tu, uliosimama karibu na mlingoti wa bendera pale kituoni, na amri niliyopewa ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna nazi inayoanguka. Nilikuwa na sare kamili, buti zinang'aa, rungu kiunoni na firimbi mfukoni. Mkitaka kucheka chekeni. Mimi kucheka ndiko kulikoniponza.

Nawasemesha nyinyi vijana mliovaa sare juzi. Kila nikikutana na mmoja wenu pale Ukunda, baada ya shikamoo na marahaba, huanza kunieleza jinsi mkubwa wake anavyomtesa. Wazee wenzangu tuliostaafu nao huwajibu kwamba nyinyi ni laini, ati sisi tulionewa tukanyamaza na tukatoka wanaume. Uongo huo! Tulinyamaza kwa sababu tuliogopa, basi. Aliyetoka mwanaume kituoni kwetu alikuwa mmoja, na hakuwa mimi.

Kituo sitakitaja. Kilikuwa kidogo, upande wa Msambweni, ukishika njia ya kwendea Funzi. Bendera yetu wakati huo ilikuwa ingali mpya, rangi zake hazijapaushwa na jua. Wazungu walikuwa wameondoka na vyeo vyao vikawashukia watu wetu kwa ghafla, mtu analala koplo anaamka sajini. Wengine vyeo viliwakaa vizuri. Wengine viliwapwaya, wakawa wanavijaza kwa makelele.

Sajini wetu alitoka bara. Tulimwita Bwana Lazima, nyuma ya mgongo wake bila shaka, kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Buti lazima zing'ae, mchanga wa uwanjani lazima ufagiliwe kwa mistari, chai yake lazima iwe na maziwa, na maziwa lazima yawe ya ng'ombe, si ya mbuzi. Alikuwa pande la mtu, sauti nene, na mnazi hakuwahi kuuona mpaka aliposhuka pwani.

Asubuhi moja tumejipanga kwenye paredi, Sajini anapita mbele yetu akikagua vifungo. Nazi ikadondoka. Pu! Hatua chache nyuma yake. Sasa, mtu wa pwani akisikia nazi imeanguka hata hageuki, maana tumelelewa tukiambiwa kwamba nazi ina macho, haimwangukii asiye na hatia. Lakini Bwana Lazima aliruka juu, akamwita mama yake kwa lugha ya kwao, akatua akiwa amemkumbatia Koplo Musau. Kofia ilikwenda huku, fimbo yake ikaenda kule.

Wenzangu waliuma midomo. Wao walikuwa wazoefu. Mimi nilikuwa mgeni kazini, nimetoka kwetu Majoreni, sijui hili wala lile. Nikacheka. Wallahi nilijaribu kukizuia kile kicheko, kikanitokea puani.

"Nani amecheka?"

Mabega yangu yalikuwa bado yanatikisika, kwa hiyo hakuhitaji shahidi.

"Wewe! Unaona hii ni mchezo? Hii nazi ilitaka kuua ofisa wa serikali. Kuanzia leo utalinda huu mti, saa zote za kazi. Nazi ingine ikianguka, uko na kesi."

"Lakini afande, nazi ni..."

"Lazima!"

Nataka mwelewe vizuri nilipokuwa nimesimama. Nilikuwa sijathibitishwa kazini, na askari wa namna hiyo kesi moja ya nidhamu ilitosha kumrudisha kwao na nguo za kiraia. Baba yangu alikuwa amepooza upande mmoja, hawezi tena kwenda kuvua, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha yeye na wadogo zangu. Tena alikwisha kuwatangazia watu msikitini kwamba mwanawe sasa ni serikali. Sajini aliyajua yote hayo. Kila asubuhi aliniinamia sikioni, akaniambia kwa upole kabisa, "Ukichoka sema tu. Mlango iko wazi. Ukienda mwenyewe hakuna kesi."

Basi nikasimama. Siku ya kwanza nilikaribia kuzirai. Aliyeniokoa ni huyo Koplo Musau, Mkamba aliyekaa pwani mpaka akawa anatafuna dagaa na kichwa chake. Alikuwa amependekezwa kwenda kozi ya usajini, na kila mtu alijua kwamba mwaka ule utepe wa tatu ni wake. Alinivuta nyuma ya jiko akanifundisha kusimama.

"Usikaze magoti," akaniambia. "Ukiyakaza utaanguka wima kama gogo. Chezesha vidole vya miguu ndani ya buti, polepole, damu ipande. Maji unakunywa kabla ya kwenda lindo, usingoje kiu. Chini ya kofia tia jani bichi la mgomba. Na hiyo kaptula, nani amekuonyesha kupiga wanga? Wanga wa muhogo uwe mwepesi kama uji wa mgonjwa. Huo wako mzito, utakuchanja mapaja."

Kweli ulikuwa umeshanichanja. Haya mambo hamtayapata chuoni, yashikeni.

Sajini alipoona siku zinapita na mimi sijaomba ruhusa ya kwenda zangu, akatoa amri nyingine kwenye paredi. Ni marufuku askari yeyote kusema na mlinzi wa mnazi. Na mlinzi wa mnazi naye ni marufuku kufungua mdomo akiwa lindoni, liwalo na liwe, mpaka aamrishwe.

Sasa hapo ndipo wenzangu walipogawanyika. Wako waliofurahi, maana mimi nikiwa juani wao hawaonwi. Yule niliyelala naye chumba kimoja alihamisha kitanda chake akakisukuma hadi mlangoni, akawa ananipita kama mtungi mtupu. Hilo liliniuma kuliko jua. Nililia, siwafichi, nikajifunika shuka nisisikike.

Lakini Musau na wengine wawili watatu walianza kuzungumza na mnazi. Ndiyo, mnazi. Koplo anakuja, anasimama mbele ya shina, ananipa mgongo mimi.

"Mnazi, hujambo? Leo kuna wali na mchuzi wa papa, nimekuwekea sahani chini ya kitanda. Halafu, mnazi, kuna mtu amepita Majoreni jana. Anasema baba yako anakula vizuri na anakusalimu."

Nami nikawa natazama mbele, machozi yananilengalenga, siwezi hata kuitikia. Muda si muda mnazi ule ukawa ndio askari anayependwa kuliko wote kituoni. Unapewa habari za mpira, unaulizwa hali ya miguu, unaambiwa vumilia ndugu yangu. Raia waliokuja kushtaki kuibiwa kuku waliona polisi wanausemesha mti, wengine wakageuza njia wakarudi kwao.

Sajini akagundua. Paredi ikaitwa. "Ni marufuku kuongea na mti!"

Kesho yake Musau akasimama mbele ya mlingoti, akapiga saluti, akaanza: "Bendera, leo kuna maharagwe." Sajini alitoka ofisini mbio, akafungua mdomo, akaufunga. Bendera ya taifa hakuthubutu kuipiga marufuku. Akarudi ndani kunywa chai yake.

Sasa mngeniuliza, mnazi ule ulikuwa wa nani? Wa Bi Mwanasha. Nyinyi wa huku hamtashangaa. Ardhi ilikuwa ya serikali, lakini mnazi aliachiwa na marehemu mumewe, na nazi zake alikuwa akija kuziangua tangu kituo hakijajengwa. Bi Mwanasha alikuwa mwanamke mfupi, mkali, wa maneno mengi. Akaja na mwangushi wake, mtu wa kukwea na kuangua, kama desturi. Akanikuta nimesimama hapo.

"Mwanangu, sogea kidogo, Mbwana apande."

Mimi kimya. Siruhusiwi kusema.

"Huyu ni bubu? Siku hizi serikali inaandika mabubu?"

Sajini akafika. "Mama, huu mti uko chini ya ulinzi."

"Umefanya nini?"

"Umejaribu kudhuru ofisa."

Bi Mwanasha akautazama mnazi kutoka shinani hadi kileleni. "Mnazi huu nimeolewa nimeukuta. Haujamdhuru mtu. Wewe umeufanyia nini?"

"Hakuna mtu kupanda, hakuna mtu kuangusha chochote. Hiyo ni amri."

"Baba, nisikilize. Nazi zimekauka. Msipoziangua zitajiangua zenyewe."

"Haziwezi. Kuna askari."

Lo! Bi Mwanasha akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini hakuondoka moja kwa moja. Tangu siku hiyo alikuwa akija kukaa ng'ambo ya ua, anasuka ukili wake wa mikeka na jicho moja liko kwenye nazi zake. Nazo zilizidi kukauka kule juu, maana zimezuiwa kuanguliwa, na hii akili ya kuufanya mti uwe hatari kwa kuulinda, jamani, inahitaji cheo.

Ndipo akaja Inspekta. Ulikuwa ukaguzi wa ghafla. Inspekta mwenyewe kijana, amekalia kiti cha mzungu majuzi tu, anazijua kanuni zote kwa moyo na hana jingine analolijua. Shingoni amening'iniza kamera. Akakagua silaha, akakagua seli, akakagua mchanga wa mistari, akafika kwangu.

"Sajini, hili ni lindo gani?"

Bwana Lazima jasho likamtiririka. "La usalama, afande."

"Usalama wa nini?"

"Wa nazi, afande."

Inspekta akanigeukia. "Konstebo, amri yako ni ipi?"

Mimi kimya, macho mbele.

"Mbona hasemi?"

"Ni amri, afande," akasema Sajini.

"Ya nani?"

"Yangu, afande. Wewe, ongea!"

"Kuzuia nazi zisianguke, afande!" nikasema. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

"Tangu lindo lianze zimeanguka ngapi?"

"Hakuna, afande."

Na ilikuwa kweli. Mungu tu. Inspekta akatazama juu, akatazama chini, akafikiri. Moyoni nikasema haya, sasa mtu mwenye akili amekuja, atauliza upuuzi huu ni wa nini, na mimi nitarudi kufanya kazi ya polisi.

"Safi sana," akasema Inspekta. "Hii ndiyo nidhamu. Vituo vingine nazi zinaanguka ovyo tu. Sajini, simama hapo chini ya mti nikupige picha."

"Mimi, afande?"

"Wewe ndiye uliyeanzisha. Simama shinani, piga saluti."

Aliye juu mngoje chini, lakini Sajini hakungojwa, alishuka mwenyewe. Alikwenda pale kama mtu anayepelekwa kutahiriwa. Akapiga saluti. Mimi nikarudishwa lindoni kwangu, kando yake, mdomo ukafungwa tena. Kamera ya siku zile unaitazama kwa juu, kwa hiyo Inspekta akainamisha kichwa, akawa haoni kitu ila kile kioo chake.

Nikasikia, ta! Huko juu. Mtoto wa pwani yeyote anaujua mlio wa kikonyo kinachoachia. Nikainua macho, nazi imeshalegea na chini yake ni utosi wa Sajini. Amri mbili zikagongana kichwani mwangu: nazi isianguke, mdomo usifunguke. Kabla sijaamua nivunje ipi, mikono yangu ilikwishamsukuma kifuani. Bwana Lazima akaenda chali kwenye mchanga wake wa mistari. Nazi ikatua, pu, palepale alipokuwa amesimama.

Inspekta akainua kichwa kutoka kwenye kamera. Alichokiona ni Sajini yuko chini na mimi nimemsimamia juu.

"Amenipiga!" Sajini akapiga ukelele. "Amepiga mkubwa wake, afande!"

Wakakimbilia kumwinua na kumpangusa. Katika purukushani hiyo Bi Mwanasha akapita katikati yao, akaiokota nazi yake, akaitikisa sikioni kusikia maji, akaenda zake.

Kesi ya ndani ilikuwa namna hii: unavuliwa kofia, unavuliwa mkanda, halafu unaingizwa ofisini mbiombio huku mtu anakupigia hesabu ya miguu. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, meza iko karibu na mlango, basi nikafika na bado naambiwa kushoto kulia, nikawa nakimbia hapohapo mbele ya Inspekta hadi aliposema simama. Nilichokiona mbele yangu ni baba, anaketi kizingitini, ananiona narudi bila sare.

"Konstebo, kwa nini umempiga Sajini?"

"Sijampiga, afande. Nazi ilikuwa inaanguka."

"Sajini, kuna nazi iliyoanguka?"

Bwana Lazima alikuwa amekwisha kusifiwa. Angesema ndiyo, sifa zote zingekwenda na maji. "Hakuna, afande. Lindo liko imara."

"Nazi iko wapi, Konstebo? Kielelezo kiko wapi?"

Akatumwa askari kwa Bi Mwanasha. Alikaa kidogo, akarudi mikono mitupu, akapiga saluti.

"Afande, kielelezo kimekunwa. Tui limeshaingia kwenye kunde. Bi Mwanasha anasema mkivumilia kidogo atawapakulia."

Inspekta akatafakari kwa uzito, wala hakutabasamu. Akasema kunde haziwezi kuthibitisha nazi imetoka mti gani. Kisha akafungua dirisha. Wenzangu wote walikuwa nje wamesimama mstarini, na wakati ule wa picha walikuwa wamesimama vilevile, wakiutazama mnazi.

"Nani ameona nazi ikianguka?"

Sajini alikuja akasimama dirishani kando ya Inspekta, akawapitia kwa macho mmoja mmoja. Yule wa kitanda cha mlangoni aliangalia buti zake. Nami nilijua kwamba nimekwisha, na nilijua kwamba ningekuwa mimi kwenye mstari ule ningeangalia buti zangu vilevile.

"Mimi, afande."

Alikuwa Musau. Alitoka hatua moja mbele.

"Umeona nini, Koplo?"

"Nimeona nazi ikianguka pale aliposimama Sajini. Kijana amemwokoa. Na nimemwona kijana huyuhuyu akianikwa juani, asisemeshwe wala asiseme, kwa kuwa alicheka. Sote tumeona, afande."

"Musau," Sajini akasema, na sasa alisema polepole, "kumbuka ile kozi yako."

"Naikumbuka, afande."

Hakurudi nyuma. Baadaye mwingine akasema na mimi nimeona, akafuata mwingine, na mwisho wa wote yule mwenzangu wa chumbani, sauti kama ya kifaranga. Lakini hao walisema baada ya mtu kusema. Si kitu kimoja.

Inspekta akatoa hukumu. Shtaka la kumpiga mkubwa limefutwa. Ila, kwa kuwa nazi imethibitika kuanguka mlinzi akiwepo, mlinzi anapewa onyo la mdomo kwa uzembe. Lindo nalo, kwa kuwa limeshindwa kazi yake, linavunjwa kuanzia sasa, na mti uachiliwe. Nikapewa kofia yangu na mkanda wangu. Nilikwenda nyuma ya jiko nikasujudu hapohapo kwenye majivu.

Jioni Sajini alinijia nikipiga rangi buti.

"Ungeweza kuniacha," akasema.

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini hukuniacha?"

Nikaweka buti chini. "Sijui, afande. Mikono ilitangulia."

Akaguna, akaondoka. Hakunisumbua tena mimi. Lakini majina ya watu wa kwenda kozi yalipitia kwake, na mwaka ule jina la Musau halikuwemo. Wala mwaka uliofuata. Sajini alihamishwa, akaja mwingine, na sifa ya Musau ilikuwa imeshatangulia huko juu: mtu huyu husema mbele ya wakubwa.

Mimi nilithibitishwa. Nikapanda, nikawa koplo, nikawa sajini, hatimaye na mimi nikakalia kiti cha Inspekta. Baba alikufa akijua mwanawe ni serikali. Kwa hiyo mnaponiuliza mfanye nini na mkubwa anayewaonea, sina dawa ya mkubwa. Nawauliza nyinyi mliosimama mstarini mkimtazama mwenzenu akianikwa. Mkiulizwa nani ameona, mtasema?

Nikiwa Inspekta nilikwenda kukagua kituo kimoja huko Kinango, kwenye ukame. Koplo aliyeniongozea paredi alikuwa na mvi kichwa kizima. Musau! Akapiga saluti safi, magoti hayajakazwa. Nikairudisha. Nikamwuliza kwa sauti ndogo kama aliwahi kujuta.

"Kila mwisho wa mwezi," akaniambia, macho mbele. "Lakini ungefukuzwa, ningejuta kila siku."

Kwa kanuni mkubwa ndiye anayeshusha mkono kwanza, mdogo ndipo hushusha wa kwake. Mimi siku ile sikuushusha. Asante yangu ilikuwa hiyo, nikabaki nimeuinua mkono mbele yake. Askari wanatutazama, wanatazamana. Tukakaa hivyo, wazee wawili tumeinuliana mikono uwanjani, mpaka yeye akasema chinichini, midomo haichezi:

"Shusha, mwanangu. Jua kali."